Muulize Makanga Jina la Uwanja

Agosti 2025, Jumapili ile Harambee Stars walipocheza na Morocco kwenye CHAN, binamu yangu alitoka Bungoma na basi la usiku kuja kuona mechi. Mimi nilikuwa nimetangulia uwanjani. Nilimtumia jina la mahali vile lilivyo kwenye karatasi za serikali, nikijiona msee wa maana. Akashuka mjini, akafika stage ya 17B, akamwonyesha makanga simu: "Boss, hii inafika Moi International Sports Centre?"

Makanga akalisoma lile jina mara mbili. "Hiyo ni shule ama?"

Ndani ya mathree watu wakacheka. Mama mmoja aliyevaa jezi ya Stars ndiye aliyemwokoa: "Anataka Kasarani huyo."

"Si ungesema! Panda, Kasarani!"

Binamu akapanda, akafika, tukaona Stars wakibaki watu 10 na bado wakashinda 1-0, tukarudi nyumbani hatuna sauti. Lakini lile swali la makanga lilinikaa kichwani. Uwanja huo ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Kwa karibu miaka 40 umebandikwa jina la Rais wa pili wa nchi hii. Na mtu ambaye kazi yake ni kutaja majina ya mahali, kuanzia alfajiri hadi usiku, hajui jina hilo ni la nini.

Wengine watasema ni ujinga wake. Mimi nasema huo ndio mtihani, na jina lenyewe ndilo lililofeli. Jina la uwanja haliandikwi, linaitwa. Likikosa mdomo wa kuliita, hilo ni bango tu, na bango hushindwa na jua.

Hebu tuangalie majina yanayoishi yanatoka wapi.

Mengi hutoka kwenye ardhi yenyewe. Watu walikuwa na jina la mahali kabla mtu yeyote hajaleta saruji, na uwanja ulipojengwa ulilirithi. Kasarani ni hivyo. Kamariny, pale Iten, ni hivyo. Uganda walijenga uwanja wa taifa wakauita Mandela, na nani atabishana na Mandela? Lakini panda boda Kampala umwambie unaenda Mandela National Stadium, halafu umwambie Namboole, uone ni lipi linawasha pikipiki. Namboole ni kilima. Kilima kilikuwa hapo kwanza.

Na si mambo ya Afrika Mashariki pekee. Maracanã, uwanja ambao hata asiyependa mpira ameusikia, kwenye karatasi unaitwa kwa jina la Mário Filho, mwandishi wa habari aliyepigania ujengwe. Mtaa na mto wa jirani ndio walioshinda. Mwaka 2021 wabunge wa jimbo la Rio de Janeiro walipiga kura uitwe kwa jina la Pelé. Fikiria, Pelé, akiwa hai, katika Brazil! Watu wakakataa, na gavana akautupa mswada huo. Hawakuwa wanamchukia Pelé. Walikuwa wanasema jina la mahali pao si zawadi ya wabunge kumpa mtu, hata mtu huyo akiwa mfalme wa mpira.

Majina mengine hutoka kwenye ulimi. Nenda Kiambu uulize Kirigiti. Kirigiti ni kriketi iliyopita kwenye kinywa cha Mkikuyu. Wazungu walikuwa wanacheza kriketi yao hapo, wenyeji wakiangalia kutoka pembeni, na wale waliokuwa pembeni ndio waliobaki na uwanja na neno. Ni katika uwanja huo, Agosti 1952, ambapo Jomo Kenyatta alisimama mbele ya umati na kuilaani Mau Mau hadharani, miezi miwili kabla ya hali ya hatari kutangazwa. Katika neno moja una ukoloni, ubaguzi, siasa, na kicheko cha wenyeji. Hakuna kamati ingeweza kubuni jina hilo. Eldoret nako wana uwanja wa 64, kwa sababu mji wenyewe ulianzia kwenye shamba nambari 64, na wazee wakaigeuza hiyo namba ikawa Sisibo. Nambari ya mlowezi ikageuka jina la nyumbani.

Halafu kuna majina ya utani, yale matamu kuliko yote. Dar es Salaam, Uwanja wa Uhuru una jina rasmi zuri kabisa, lakini mashabiki wakauita Shamba la Bibi. Mombasa, pale Kongowea, kuna Uwanja wa Mbuzi. Vijana waliotoka hapo hawajawahi kuona aibu kusema walijifunza mpira kwa Mbuzi. Utani ni hati ya kumiliki. Huwezi kukitania kitu cha mgeni namna hiyo.

Sasa utaniuliza: kama watu hushinda kila mara, unalia nini? Waache wanasiasa wabandike mabango yao, sisi tutaendelea kuita Kasarani, maisha yaendelee.

Nalia kwa sababu hatushindi kila mara.

Angalia Nyayo. Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 alisema atafuata nyayo za Kenyatta. Neno hilo likageuzwa wimbo wa serikali. Kukawa na maziwa ya Nyayo shuleni, mabasi ya Nyayo barabarani, wodi za Nyayo hospitalini, na mwaka 1983 uwanja wa Nyayo. Jina hilo liliufaulu mtihani wa makanga, tena kwa alama za juu. Silabi mbili, linatoka mdomoni kama mate. Leo mtoto wa 2006 anasema "tupatane Nyayo" na hawazi chochote. Lakini kuna jengo lingine katikati ya jiji lenye jina hilohilo, na chini ya jengo hilo, miaka ya 80, Wakenya walifungiwa kwenye vyumba vyenye maji na giza, wakapigwa, wakalazimishwa kukiri makosa ambayo hawakufanya. Neno moja, uwanja na chumba cha mateso. Tunalishangilia juu na kulisahau chini.

Sisemi Nyayo ubadilishwe jina leo. Jina likishaingia kinywani miaka 40, kulitoa ni kung'oa jino. Ninachosema ni kwamba jina la kwanza lina nguvu kuliko yote yanayofuata, hasa likiwa fupi na likikuta mahali hapana jina lililozoeleka. Mwenye kalamu siku ya kwanza anashika ulimi wa wajukuu zetu. Ndiyo maana watu wenye madaraka wanakimbilia kalamu hiyo. Wanajua. Sisi ndio tunaojifanya hatujui.

Kisha nenda Kisumu, hapo ndipo hasira yangu inapotoka.

Tarehe 25 Oktoba 1969, Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno mbele ya umati. Fujo ikazuka, na walinzi wa Rais wakafyatua risasi. Watu waliuawa, na miongoni mwao watoto. Serikali ilikiri vifo 11. Wakazi wamesimulia vingi zaidi ya hivyo tangu siku hiyo. Chama cha Jaramogi kikapigwa marufuku, mwenyewe akawekwa kizuizini. Karibu miaka 52 baadaye, tarehe 1 Juni 2021, mji huohuo ukapokea sherehe za Madaraka katika uwanja mpya, mzuri, pale Mamboleo. Na uwanja huo uliitwaje? Jomo Kenyatta.

Soma tena polepole. Katika mji ambao familia bado zina picha za watoto waliopigwa risasi siku hiyo, uwanja ambao watoto wa sasa watakimbilia umepewa jina la mtu ambaye walinzi wake walifyatua. Tena wakati huo aliyeketi Ikulu ni mwanawe. Kuna watakaosema ilikuwa ishara ya maridhiano. Maridhiano huanza kwa kuomba radhi. Hayaanzi kwa kubandika jina la mkosaji kwenye mlango wa mkosewa.

Na angalia mji ulivyojibu. Ile hospitali wazee bado wanaiita Russia, ingawa kwenye bango ni Jaramogi. Na uwanja? "Tuko Mamboleo." Mamboleo lilikuwepo, Mamboleo litabaki. Nikiwasikia mashabiki wa Gor wakisema hivyo, nasikia zaidi ya maelekezo ya njia. Lakini kwenye ratiba ya mechi, kwenye televisheni, kwenye ramani ya simu ya mtoto wa Form 2, limeandikwa lile lingine. Baada ya miaka 30 sijui ni lipi litakuwa kinywani. Hapo ndipo panaponiuma.

Najua kuna msee anasoma hii akisema: bro, jina haliwezi kufunga bao. Tupe nyasi, tupe taa, tupe vyoo vya kina dada vyenye maji, halafu uite uwanja hata Gunia. Nakuelewa, na nusu yangu inakubaliana nawe. Lakini jiulize kwa nini kutoa jina ndiko rahisi kila mara. Jina halihitaji tenda. Halihitaji mkandarasi wala bomba la maji. Unahitaji kitambaa cha kufunika bango, kamba ya kuvuta, kwaya na kamera. Kamariny, uwanja wa vumbi ambako mabingwa wa dunia walikimbia mizunguko yao, ulifumuliwa ili ukarabatiwe, ahadi zikaja na mkutano, zikaondoka na mkutano, na wakimbiaji wakaachwa barabarani miaka na miaka. Mahali hapo hapakukosa jina, palikosa kazi. Kwa wakubwa wetu kazi ni ngumu na jina ni rahisi, kwa hiyo tunapewa jina. Anayekuambia jina si kitu ndiye anayewaruhusu waendelee kukulipa kwa sarafu isiyo kitu.

Mwingine ataniambia suluhisho ni pesa za kampuni. Uza jina, pata hela, tengeneza uwanja. Sawa, tumejaribu. Mwaka 2009 Coca-Cola walikubali kutoa zaidi ya shilingi milioni 100 ili Nyayo uitwe uwanja wao kwa miaka mitatu. Serikali ikataka neno Nyayo libaki ndani ya jina. Kampuni ikasema hatukukubaliana hivyo. Kabla mwaka haujaisha wakajiondoa. Angalia kilichovunja mkataba. Ni kaulimbiu ya utawala uliokuwa umeondoka Ikulu miaka saba kabla. Muongo uliofuata Safaricom nao wakaweka jina lao Kasarani. Mlimwita nani "Safaricom Stadium" mkiwa mnapatana? Mkataba ukaisha, rangi ya kijani ikatoka, Kasarani ikabaki Kasarani.

Hata kwa wale mnaoamka na EPL mnalijua hili. Mwaka 2011 mwenye Newcastle aliupachika St James' Park jina la duka lake la nguo za michezo. Mashabiki wakaligomea. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ikanunua haki za jina, na kitu cha kwanza ilichofanya ili ipendwe ni kurudisha jina la zamani. Kampuni ililipa pesa ili uwanja uitwe vile watu walivyokuwa wanauita bure. Kama wafanyabiashara wamelielewa hilo, wizara itashindwaje?

Na mashujaa je? Hapa ndipo hoja yangu inapopata kigugumizi, na sitaki kuficha.

Uwanja wa City pale Jogoo Road una historia ndefu ya majina. Wakati wa mkoloni uliitwa African Stadium, kwa sababu Mwafrika alikuwa na upande wake wa mji na upande wake wa mpira. Ukaitwa Donholm Road, barabara ilipobadilika ukaitwa Jogoo Road, baadaye City. Sasa rasmi ni Joe Kadenge. Na kama kuna Mkenya aliyestahili, ni Kadenge. Mtu aliyekimbia na mpira mpaka jina lake likawa msemo wa redio, mtu ambaye watoto wasiowahi kumwona walikuwa wakijiita yeye wakicheza na mpira wa karatasi. Alifariki 2019. Ningependa kila mtu aseme "leo tuko Kadenge". Lakini makanga wa Jogoo Road bado anaita City. Heshima ilimjia mzee imechelewa, mahali pakiwa na jina tayari. Hilo linanifundisha kwamba hata jina zuri linahitaji kuwahi.

Eldoret waliwahi. Kipchoge Keino, dhahabu ya 1968 kule Mexico, dhahabu nyingine 1972 kule Munich, ana uwanja, na watu wanauita hivyo. Kweli, utakuta kijana wa siku hizi anadhani ni wa Eliud. Hilo nalo ni jema. Anauliza, anaelezwa, anajua kulikuwa na Kipchoge mwingine kabla ya huyu. Jina linafanya kazi yake.

Lakini sasa nihesabieni upande wa pili. Pamela Jelimo ndiye mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki, Beijing 2008. Faith Kipyegon ana dhahabu tatu mfululizo za mita 1500: Rio, Tokyo, Paris. Mimi nimelipa kiingilio katika viwanja vingi vya nchi hii na sijawahi hata mara moja kuingia kwa lango lenye jina la mwanamke. Marais nimewaingilia mara nyingi. Tumewatuma akina dada wakimbie dunia nzima wakiwa na bendera mgongoni, halafu tukirudi nyumbani tunawapa kiti cha mgeni wa heshima katika uwanja wa mwanasiasa.

Kwa hiyo tufanye nini? Tuna nafasi moja, na iko mbele yetu sasa hivi. Pale Jamhuri, kando ya Ngong Road, uwanja wa Talanta unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, viti 60,000. Kaunti nazo zinajenga vyao. Hivi ndivyo vitakavyokuwa Nyayo na Kasarani za watoto wenu. Na kila kiongozi anapofariki, au anapokaribia uchaguzi, majina huanza kurushwa kama nyama kwenye sherehe. Sitaki kujua ni la chama gani. Hata akiwa kiongozi niliyempigia kura, niliyemlilia, jibu langu ni lilelile: ana barabara, ana shule, ana hospitali. Uwanja mwachieni aliyeutolea jasho, au mwachieni mtaa.

Ninayotaka ni machache. Kwanza, uwanja wa umma uanze na jina la mahali ulipo, na anayetaka kulibadilisha ndiye awe na kazi ya kutushawishi. Pili, jina la mtu lisitoke mdomoni mwa Rais jukwaani na kuwa sheria kabla ya makofi kuisha. Katiba, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi. Tunashirikishwa kwenye bajeti, hata kama ni kwa kuzugwa; tushirikishwe kwenye jina. Barcelona walikuwa na jina rasmi ambalo hakuna aliyelitumia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanachama wakapiga kura kwa posta, jina la mtaani, Camp Nou, likawa rasmi. Waliandika tu kile kilichokuwa tayari kinaitwa. Kampuni ilipokuja na pesa mwaka 2022, ililazimika kuketi kando ya jina hilo. Tatu, kampuni ikitaka kuketi kando ya letu, karibu, lakini mkataba uwe wazi na pesa ziende kwenye nyasi, taa na vile vyoo.

Na nne, hili ni letu sisi, halihitaji bunge. Tuite. Ukiandika ripoti ya mechi, andika Mamboleo. Ukiposti, weka Kasarani. Kama unaamini Kadenge anastahili, basi kesho ukipanda mathree ya Jogoo Road sema "nishukishe Kadenge," na makanga akikuuliza Kadenge ni wapi, mwambie Kadenge ni nani. Itachukua dakika moja. Anaweza kukucheka. Kesho kutwa anaweza kuita.

Binamu yangu alirudi Bungoma na ile jezi na hadithi ya makanga, ameisimulia mpaka imekuwa ndefu kuliko mechi. Juzi amenipigia, anataka kuja tena AFCON ikifika. Akaniuliza nimtumie jina la uwanja mpema, asiaibike stage.

Nimemwambia asubiri. Bado hatujaamua. Na nilivyosema "hatujaamua" nilikuwa namaanisha mimi, yeye, yule mama wa jezi na makanga wa 17B. Tukichelewa, kuna watu tayari wanashona kitambaa cha kufunika bango.